Mtetemo, Mkoromo na Sauti ya Kwaya Yetu

Mazungumzo ya Katibu wa Kwaya mbele ya wanakwaya na waumini, juma la maandalizi ya Jubilei ya Miaka 25





Kamati imenipa dakika ishirini nizungumzie vyombo vya sauti. Sababu mnaijua. Tangu harambee ya mwisho tumegawanyika. Wapo wanaotaka fedha zile zinunue amplifaya mpya, kwa kuwa karatasi yake imeandikwa kwamba upotoshaji wa sauti ni asilimia 0.01, ilhali yetu ya sasa imeandikwa 0.1. Wapo wanaosema amplifaya yetu haina neno, ila inatetemeka, na dawa yake ni kuiwekea miguu ya mpira maalumu ambayo muuzaji mmoja alituonyesha, miguu minne kwa bei ya mbuzi mzima. Mabishano yamefika hadi sokoni Matayos. Juzi mama anayeniuzia omena aliniuliza kama ni kweli kwaya inainunulia redio viatu.

Lipo kundi la tatu ambalo halikupiga kelele. Hawa ni mama zetu wa alto. Wao waliuliza swali moja tu: "Mbona siku hizi hatusikiki?" Hakuna aliyewajibu. Wawili kati yao wameacha kuja mazoezini, na mmoja wao ameimba nasi tangu siku ya kwanza ya kwaya hii. Swali lao ndilo nililokuja kulijibu, lakini itanibidi nipitie kwenye miguu ya mpira na kwenye ile 0.01, maana jibu limejificha huko.

Mimi ni mwalimu wa diploma, si fundi wa redio. Nimesoma nilichoweza, nimewauliza mafundi, na nimejaribu mwenyewe hapa kanisani siku za Jumamosi mlipokuwa mashambani.

Mtaniona nimeshika uma wa sauti kutoka maabara ya shule (kesho unarudi). Nikiugonga na kuushika hewani, walio viti vya nyuma hamsikii kitu. Sasa nautuliza mpini wake juu ya benchi. Mmesikia? Sikuugonga kwa nguvu zaidi. Mtetemo umetoka kwenye uma ukaingia kwenye ubao, na ubao una uso mpana wa kuisukuma hewa. Kwa hiyo wanaosema mtetemo hubadilisha sauti hawajakosea. Swali ni mtetemo wa kitu gani, na unaingia wapi.

Mnakumbuka misa za Pasaka, kila kinanda kilipopiga noti fulani ya chini tukasikia mlio kama nyuki ndani ya kopo. Tulisema spika imepasuka. Fundi akaja, akaifungua, akaifunga, akalipwa. Jumapili iliyofuata nyuki alikuwa pale pale. Nilipobaki peke yangu nikashikilia noti ile ile kwenye kinanda na kutembea kanisani nikigusa vitu kimoja kimoja, niliposhika kioo cha dirisha la tatu upande wa sakristia, nyuki akanyamaza. Kila kitu kina noti yake kinachoipenda: kioo, bati, ngoma tupu, hata kikombe kabatini. Noti hiyo ikipigwa karibu yake, nacho huitikia. Nilikunja kipande cha katoni nikakibana kati ya kioo na fremu. Kiko pale hadi leo, na hakikutugharimu hata shilingi moja.

Jukwaa letu la mbao ni jambo zito zaidi. Ndani ni tupu, yaani ni ngoma kubwa. Spika mbili tumeziweka juu yake, na stendi za maiki tumezisimamisha juu yake, halafu sisi wenyewe tunacheza juu yake. Maiki kazi yake ni kugeuza mtetemo kuwa umeme, na haiulizi mtetemo umekuja kwa hewa au kwa miguu. Besi wakikanyaga kulia na kushoto, hatua zao hupanda kwenye stendi, huingia kwenye maiki, hutokea kwenye spika, hurudi kwenye mbao, na kupanda tena. Trela za kwenda mpakani zikipita barabarani, nazo huchangia. Ule mvumo ambao Baba Paroko huulalamikia wakati wa mahubiri, kama mtu anayesaga mahindi chini ya altare, asili yake ni hiyo.

Dawa yake ni ya kawaida tu. Spika zishuke kwenye sakafu ya saruji, juu ya stendi zake. Stendi za maiki, kama lazima zibaki jukwaani, zikae juu ya sponji nene ya godoro au vipande vya tairi kuukuu. Na kwenye mixa, juu ya kila mstari wa maiki, kuna kitufe kidogo cha kukata sauti za chini, ambacho kwa miaka yote hii hatujawahi kukibonyeza. Kinaondoa sauti zilizo chini ya mizunguko 80 hivi kwa sekunde. Besi wetu wakishuka hadi E ile ya chini kabisa, ambayo wengi wao huigusa kwa neema tu, ni mizunguko 82. Kwa hiyo hakuna mwimbaji atakayekatwa. Tutakata miguu na trela.

Sasa turudi kwa amplifaya na viatu vyake. Zamani vyombo vingi vilikuwa na sababu ya kuogopa mtetemo. Siti binti Saad wa Zanzibar alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti yake ilichorwa kama mfereji wenye mawimbi, na nyumbani sindano ilitetemeka ndani ya mfereji huo ili kuitoa tena. Chombo kinachosoma mtetemo husoma pia mtetemo wa meza, ndiyo maana aliyekuwa na gramafoni hakuruhusu watoto wakimbie karibu nayo. Redio za taa za kioo nazo, ukiigonga taa kwa kidole, ungesikia mgongo huo kwenye spika. Lakini amplifaya yetu haina sindano wala taa. Ndani yake kuna transista, vipande vilivyotulia ndani ya plastiki na kushikwa kwa risasi. Nyimbo za kuongozea mazoezi tunazipiga kwa flashi, na flashi haina kitu kinachozunguka. Hapo mtetemo hauna mlango wa kuingilia ambao sikio la mtu linaweza kuujua.

Sikutaka mniamini kwa maneno. Niliomba kuazima ile miguu kwa siku moja, nikawaita wanakwaya wanne wenye masikio mazuri, nikaifunika amplifaya kwa leso. Nilirusha sarafu kuamua kama nitaweka miguu au nitaiondoa, na wao wakaandika walichosikia. Kwanza, hata hivyo, nilikuwa nimewaonyesha miguu ikiwekwa waziwazi, na wote wanne wakasema sauti imekuwa safi. Na mimi nilisikia hivyo hivyo, siwafichi. Leso ilipoingia, majibu yao yakawa ya kubahatisha kama ile sarafu yenyewe. Mmoja aliisifu sana miguu wakati miguu ilikuwa mfukoni mwangu. Nimeirudisha kwa mwenyewe, na mbuzi yu salama.

Nije kwenye asilimia 0.01. Wataalamu wanaita upotoshaji. Mimi nitauita mkoromo, kwa kuwa ndivyo unavyosikika ukizidi. Hupimwa hivi. Chombo hulishwa sauti moja safi, mara nyingi ya mizunguko 1,000 kwa sekunde, kisha hutazamwa kimeongeza nini ambacho hakikuingia. Wanakwaya mtalielewa hili kuliko mafundi, kwa sababu mnasoma solfa. Tuseme kimeingia d. Chombo kikipotosha, hutoa pia d ya oktavu ya juu, kisha s juu yake, kisha d nyingine, kisha m. Hawa ni waimbaji wasioalikwa, lakini wimbo wanaujua. Anayefuata ni s tena. Yule wa saba ndiye balaa: ni ta iliyoshuka, isiyokubaliana na kinanda wala na mwalimu. Wa tisa ni r, akisimama juu ya d yenu na kung'ang'ania hapo. Ukijumlisha sauti za wageni hao wote na kuzilinganisha na ile ya kwanza, unapata asilimia.

Asilimia 1 maana yake wageni wako desibeli 40 chini ya mwimbaji. Asilimia 0.1, desibeli 60 chini. Asilimia 0.01, desibeli 80 chini. Hebu nyamazeni kidogo tusikilize kanisa letu.

Mmesikia mtoto, benchi, bati linalopanuka kwa jua, na pikipiki nje. Kelele hizo peke yake ziko juu sana kuliko wageni wa desibeli 60 chini ya kwaya inayoimba, sembuse 80. Isitoshe, spika zenyewe, za kwetu na za wenye pesa, zikipiga noti nzito kwa nguvu hufikisha mkoromo wa asilimia 1 na kupita. Kununua amplifaya ya 0.01 ili sauti yake ipitie kwenye spika hizo ni kama kuchuja maji kwa kitambaa cha hariri na kuyamimina kwenye mtungi wa juzi.

Lakini wanaosema tunakoroma wanasema kweli! Tunakoroma sana, tena si kwa sehemu ya kumi ya asilimia. Ile namba ya kwenye karatasi hupimwa chombo kikiwa ndani ya uwezo wake. Sisi tunakitoa nje ya uwezo wake kila Jumapili. Fikirini kijana amebeba miwa wima akipita mlangoni. Miwa mifupi hupita yote. Mirefu, vilele hukatwa, na ukimsukuma kijana kwa nguvu zaidi hapiti na miwa mirefu zaidi. Hukatwa zaidi tu. Ile taa nyekundu kwenye mixa huwaka vilele vikianza kukatwa. Kwetu haizimiki kuanzia wimbo wa kuingia. Tumeizoea kama taa ya Ekaristi, Mungu anisamehe.

Na msidhani mtambo wa wati nyingi zaidi utatuokoa kirahisi. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu, ongezeko ambalo mtu wa kiti cha nyuma hulitambua kwa shida. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi.

Hapa ndipo nilipolipata jibu la mama zetu. Mtu mmoja akiimba peke yake kwenye mtambo unaokata vilele, bado anasikilizika, kwa sababu wageni wake wa kwanza ni d, s na m. Lakini sauti mbili zikikatwa pamoja huzaa nyingine mpya, zikiwemo jumla yao na tofauti yao. Mpiga kinanda apige m na s katika ufunguo wa C: mizunguko 330 na 392. Mtambo uliozidiwa unaweza kuongeza 62, ambayo iko karibu na t ya chini kabisa ikigombana na d ya besi. Na unaweza kuongeza 722, ambayo iko kati ya f na fe, mahali pasipo na kidole wala ufunguo kwenye kinanda chochote. Hizo ni noti mbili tu. Sasa leteni sauti nne, kinanda, ngoma na kayamba, vyote kwenye amplifaya moja. Kinachotoka ni mchanga, na kwa masikio yangu mchanga huo hujaa katikati. Soprano hupita juu yake kwa ukali. Besi tunaisikia kwa kifua. Katikati walikuwa alto.

Juu ya hayo, tuna maiki nne. Tatu ziko kwa soprano na moja kwa teno. Hilo halihitaji fizikia.

Nisieleweke kwamba kila mkoromo ni dhambi. Ng'ambo ya mpaka, watengenezaji wa likembe hufunga vijipete vya chuma kwenye funguo zake makusudi ili zivume, na katika endongo ya Waganda nyuzi hukaribishwa kwenye ngozi ili zikwaruze. Bila huo mvumo wangesema chombo ni kibovu. Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No. 1 walitengeneza maiki zao kwa sumaku za vipuri vya magari, likembe zikakoroma kuliko spika ya mnada, na albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 ikapendwa hadi Ulaya. Wao waliuchagua mkoromo wao. Sisi hatukuuchagua; ulituingilia kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kila mmoja akisogeza kitufe chake juu kidogo ili asizidiwe na jirani.

Tena kuna jambo limenisumbua kuliko namba zote hizi. Marekani, kuanzia mwaka 1915, kampuni ya Thomas Edison ilikuwa ikiandaa maonyesho ambapo mwimbaji alisimama kando ya gramafoni, akaimba, akanyamaza katikati huku santuri ikiendelea, na watu wakaulizwa kama wametambua mabadiliko. Wengi walikiri hawakutambua. Mmoja wa waimbaji hao alikuwa Anna Case. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, alieleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiifananisha sauti yake na ya mashine.

Nilipoyasoma hayo nilichukua simu yangu nikasikiliza rekodi zetu. Ninazo za miaka mingi, nyingine zilirekodiwa hata kabla hatujawa na mtambo wowote. Katika zile za zamani tunapumua pamoja, kuna mahali sauti inashuka hadi unasikia kuku wa jirani, na alto wanaingia kama mlango unaofunguliwa polepole. Katika zile za mwaka huu hakuna kushuka. Soprano wanakaza koo kwa sababu spika inawajibu kwa ukali. Teno wanaimba karibu na maiki hadi herufi p inalipuka. Hata mahali palipoandikwa taratibu tunapiga kelele. Tumejifunza kuimba kama spika yetu, na hakuna aliyetufundisha.

Jumamosi iliyopita nilimwomba mwalimu tufanye mazoezi na stima ikiwa imezimwa. Nyie mliokuwepo mliona. Niliketi kiti cha mwisho karibu na mlango, nikasikia sauti zote nne, pamoja na maneno. Kanisa letu lina kuta ngumu na si refu. Waimbaji thelathini na wawili wanalijaza bila msaada. Mama mmoja wa alto, yule aliyekuwa ameacha kuja, alikuwa amepita tu kuchukua sufuria ya jumuiya. Alisimama mlangoni, akaanza kuitikia bila kuketi. Sufuria ilibaki hapo hadi jioni.

Kwa hiyo, kwa niaba yangu mwenyewe na si ya kamati, napendekeza hivi. Ndani ya kanisa kwaya iimbe bila maiki, na mtambo ubaki kwa wasomaji, Baba Paroko na kinanda kwa sauti ndogo. Misa ya Jubilei itakuwa uwanjani, na uwanjani hewa haina kuta, hivyo hapo mtambo ni lazima. Tununue maiki mbili nzuri za kusimama mbali, ziwekwe mbele ya kwaya nzima, zisikie tunavyosikiana sisi wenyewe, pamoja na stendi mbili nzito. Amplifaya ya zamani inatosha, mradi taa nyekundu isiwake. Nimeweka utepe mwekundu kwenye mixa kuonyesha mwisho wa kila kitufe. Fedha zitakazobaki, na zitabaki, mkutano uziamue. Wanaotaka 0.01 nawaheshimu, na leso yangu iko tayari kama wanataka tujaribu amplifaya hizo mbili kwa namna ile ile kabla hatujalipa. Duka likikataa kutuazima, hilo nalo ni jibu.

Jaribio la uwanjani ni Ijumaa saa kumi alasiri, na alto ndio watasimama kwanza, kila mtu mwingine akae kando asikilize. Besi waje na viatu vya mpira. Na aliyeichukua sponji ya godoro niliyoiacha nyuma ya jukwaa anirudishie kabla ya siku hiyo, nina hakika hailaliki.